Sista, Mtoto Atatoka Kwenye Kalamu?

Bibi mmoja wa Tandahimba aliniuliza hivyo saa nane usiku, amesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi na chupa ya uji kwapani. Mjukuu wake yuko kitandani, mimi nimeinamia karatasi. "Manesi wa siku hizi kazi yenu kuandika tu." Nikamwamkia shikamoo, maana jibu nililokuwa nalo mdomoni halikumfaa mtu mzima. Maneno hayo nimeyasikia Masasi, nimeyasikia Newala, na wiki iliyopita nimeyasikia tena hapa Mtwara mjini, safari hii kutoka kwa kijana mwenye shahada. Kijana hana shikamoo ya kumkinga, kwa hiyo leo najibu.

Dhana: nesi anaandika badala ya kuhudumia.

Karatasi ile ilikuwa patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa. Kila nusu saa unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, unaweka nukta. Kila saa nne unapima njia, unaweka alama. Saa nane ile mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita 5. Saa kumi na mbili asubuhi, sentimita 6. Ukiulizwa kwa mdomo utasema "anaendelea vizuri". Karatasi inakukatalia: kwa mwendo wa sentimita 1 kwa saa, alitakiwa awe amefika 9. Yuko saa tatu nyuma ya mstari wa tahadhari, unaoonyesha mwendo huo, imebaki saa moja aguse mstari wa kuchukua hatua, uliochorwa saa nne mbele yake. Daktari aliamshwa na alama ile. Kelele za ndugu huzisikia kila usiku.

Mistari hiyo miwili ilitoka kwa madaktari Philpott na Castle, waliochapisha kazi yao mwaka 1972 kutoka Salisbury ya Rhodesia, Harare ya leo. Tabu yao ilikuwa tabu yetu: mkunga yuko kliniki ya pembezoni, chumba cha upasuaji kiko mbali. Saa nne zilizoachwa kati ya mstari na mstari ni za kumfikisha mama mahali pa msaada na kuamua la kufanya. Aliyewahi kushuka kutoka uwanda wa Makonde na mgonjwa wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 umeiondoa mistari hiyo na kuanza kuhesabu kwenye sentimita 5, lakini kalamu haujaiondoa.

Asubuhi zamu inabadilika. Anayenipokea hakuwepo usiku. Akikuta karatasi tupu, mama anaanza upya kama aliyeingia sasa hivi. Ndiyo maana siwezi kuwatetea wenzangu wanaojaza patografu baada ya mtoto kuzaliwa, nukta zimejipanga kama shanga. Nimeziona, na anayezijua hupoteza sekunde tano tu kuzitambua. Hao ndio wanaompa bibi haki ya kuuliza swali lake.

Na chini ya maandishi kuna sahihi. Sahihi hiyo ina uzito kwa sababu jina lenyewe limo kwenye daftari la Msajili wa wauguzi, na mwenye jina anaweza kuitwa akajieleze.

Dhana: usajili umebuniwa kukusanya ada.

Wauguzi wenyewe ndio walioudai. Ulianza kisheria huku huku Afrika, Koloni la Rasi, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1891, baada ya Sista Henrietta Stockdale wa Kimberley kuupigania. New Zealand ikatunga sheria ya wauguzi peke yao mwaka 1901, na Ellen Dougherty akaandikwa wa kwanza 1902. Uingereza ilichelewa hadi 1919. Muuguzi Ethel Gordon Fenwick alikuwa ameidai sheria hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, na daftari lilipofunguliwa 1921 jina lake likawa namba 1.

Halafu kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, mgeni rasmi anasimama na kumwita Florence Nightingale mama wa usajili. Jamani, aliupinga! Aliona wema na uangalifu wa muuguzi havipimiki kwa mtihani wala orodha. Hapo hakukosea. Lakini mgonjwa aliyezidiwa hana muda wa kuchunguza tabia ya mtu. Anahitaji pa kuuliza kama huyu ni nesi kweli.

Dhana: amemaliza chuo, basi ni nesi.

Bado. Cheti cha chuo kinasema amesoma. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, jina linaingia kwanza kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha leseni, na leseni ina tarehe ya kwisha. Gauni jeupe linashonwa na fundi yeyote.

Dhana: ukikosea, futa.

Mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, sahihi na saa pembeni. Wino mweupe wa kufutia uacheni kwa makarani.

Dhana: kadi ya kliniki ni mali ya nesi.

Ni yako, mama. Ifunge kwenye kanga, usiiache juu ya kabati, na usimpe baba watoto msimu wa korosho. Nimewahi kupokea kadi ambayo safu ya shinikizo la damu imefunikwa na hesabu za mzani. Kilo 214, kama mnataka kujua. Shinikizo la mwezi wa nane halikusomeka.