Je, wajua kwamba mzazi asiyejua jibu anaweza kumsaidia mtoto hesabu?

Jioni ikiingia Igoma, Kirumba au Buhongwa, jijini Mwanza, mtoto wa darasa la tatu hufungua daftari la hesabu. Mzazi anayezijua huchukua penseli na kumwonyesha. Asiyezijua humwambia, "Subiri dada yako arudi," kisha anaendelea na shughuli zake. Wazazi hawa wawili wanaonekana tofauti, lakini imani yao ni moja, na wengi wetu tumeishi nayo: kwamba kusaidia kazi ya nyumbani ni kumjazia mtoto kile asichokijua, hivyo asiye nacho hana cha kutoa.

Imani hiyo ina makosa, tena mawili.

La kwanza ni kudhani kwamba jibu sahihi daftarini ndilo lengo. Chukua swali la kawaida kabisa: 403 toa 168. Jibu ni 235. Mtoto akiandika 365, mzazi huona amekosa, basi. Lakini 365 ina maelezo ndani yake. Kwenye mamoja mtoto ameona 3 juu na 8 chini. Akakumbuka aliyofundishwa zamani, kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, akageuza: 8 toa 3, 5. Kwenye makumi akageuza tena: 6 toa 0, 6. Kwenye mamia, 4 toa 1, 3. Hakubahatisha hata mara moja. Amefuata kanuni yake kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni mbovu.

Mtoto mwingine ataandika 335. Huyu anajua kukopa. Ameifanya 3 kuwa 13, akatoa 8, akapata 5. Sifuri ya makumi akaigeuza kuwa 9, akatoa 6, akapata 3. Kilichomponyoka ni kupunguza ile 4 ya mamia iliyokopwa. Akaiacha nzima, akatoa 1, akapata 3. Majibu mawili yenye makosa, magonjwa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. Watafiti John Seely Brown na Richard Burton walionyesha jambo hili mwaka 1978: makosa mengi ya watoto katika kutoa hayaji ovyo, yana mpangilio unaoweza kutabiriwa. Ni jambo la kustaajabisha. Kosa la mtoto ni ushahidi wa namna anavyofikiri.

Sasa mzazi akishika ufutio, akafuta 335 na kuandikisha 235, ushahidi umepotea. Mwalimu mwenye watoto 90 na maswali 5 kwa kila mmoja ana majibu 450 ya kusahihisha. Akiona 235 safi ataweka vema na kusonga mbele, na mtoto atabeba ugonjwa wake hadi kwenye mtihani, ambako mzazi haingii.

Kosa la pili katika imani ile ni kubwa zaidi: kudhani kwamba maarifa huhama kutoka kwa anayejua kwenda kwa anayesikiliza. Fikiria mtu anayepanda bodaboda kila siku kutoka mjini hadi nyumbani kwake juu ya mawe ya Mabatini. Baada ya mwezi amepita njia ile mara nyingi, lakini siku pikipiki isipokuwepo anaweza kusimama njia panda asijue akate wapi. Dereva anaijua kila kona. Wamepita pamoja, ila mmoja ndiye aliyekuwa akiamua. Mtoto anayeonyeshwa hesabu ni abiria. Anaona kila kitu na kukubali kila hatua; ukimuuliza kama ameelewa atasema ndiyo, na hakudanganyi, kwa sababu kila kona ilionekana sawa ilipopitwa. Mtoto anayeeleza ndiye mwenye usukani: kila anaposema "halafu" lazima aamue kinachofuata, na pale asipokijua ulimi unasimama. Kusimama huko kuna faida kubwa, maana ndipo anapogundua mwenyewe mahali pasipoeleweka.

Jaribio moja la Marekani, lililochapishwa mwaka 2008 na Bethany Rittle-Johnson na wenzake, linagusa jambo hili moja kwa moja. Watoto wa miaka 4 na 5 walipewa mafumbo ya mpangilio na kuonyeshwa jibu sahihi. Baadhi walilirudia tu, wengine walieleza peke yao kwa nini ni sahihi, wengine wakamweleza mama aliyekuwa akisikiliza. Kwenye mafumbo mapya yaliyotofautiana na ya mwanzo, waliomweleza mama ndio waliofanya vizuri zaidi. Kusikilizwa peke yake kulisaidia.

Tusilivute jaribio hilo kupita kipimo chake. Watoto wale walikuwa wadogo, mafumbo hayakuwa hesabu za kukopa, na kila mmoja alikuwa ameonyeshwa jibu sahihi kabla ya kueleza. Sharti hilo la mwisho ni zito, kwa sababu mtoto anayeeleza jibu bovu kwa kujiamini anaweza kulikaza. Ndiyo maana kusikiliza kunahitaji kuhakiki, na kuhakiki hakuhitaji mzazi aliyesoma sana. Kwenye kutoa, jumlisha jibu na kilichotolewa: 335 na 168 ni 503, nayo haifanani na 403. Mtoto afanye kujumlisha huko mwenyewe. Yakikataa, mzazi aulize tu: "Hii 9 umeipata wapi? Ilitoka kwa nani?"

Mtoto akikwama hapo, mama anayeuza dagaa sokoni anaijua hesabu ile kwa vidole. Una noti nne za elfu kumi, huna noti ya elfu moja hata moja, na una sarafu tatu za mia. Jumla 40,300. Unadaiwa 16,800, na kila mtu anataka hela kamili. Unahitaji sarafu nane za mia, unazo tatu. Huna elfu ya kuchenji, kwa hiyo unavunja kwanza noti moja ya elfu kumi upate noti kumi za elfu moja. Kisha unavunja moja kati ya hizo upate sarafu kumi za mia. Sasa una noti tatu za elfu kumi, tisa za elfu moja, na sarafu 13. Lipa: zinabaki mbili, tatu na tano. 23,500. Ni 403 toa 168 ileile, yenye sifuri mbili nyuma yake. Tisa ilitoka kwenye elfu kumi iliyovunjwa, na noti iliyovunjwa haipo tena mfukoni. Hapo ndipo mtoto wa 335 alipoteleza. Vipande vya karatasi vilivyoandikwa 10,000, 1,000 na 100 vinatosha kulifanya jambo hili mezani.

Zipo njia za kuharibu kusikiliza huku. Kuitikia "ehee" huku macho yako kwenye simu: mtoto hugundua haraka kwamba hasikilizwi, akaacha kueleza. Kuuliza kwa sauti ya polisi: maswali yakiwa shtaka, mtoto hutafuta jibu la kukuridhisha. Kusema mbele yake "hesabu zilinishinda mimi, hata wewe ni damu yangu" pia ni hatari. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake waliripoti, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili huko Marekani, kwamba wazazi wenye hofu ya hesabu waliosaidia mara kwa mara walikuwa na watoto waliojifunza hesabu kidogo zaidi na kuzihofia zaidi. Waliosaidia kwa nadra, hofu yao haikuonekana kwa watoto. Lakini utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Kipi kimezaa kipi ni vigumu kukata shauri.

Na saa nayo ina uzito. Mwanza jua huzama karibu na saa moja jioni, kwa hiyo kazi ikianza saa kumi na moja kuna mwanga wa kutosha na mtoto hajasinzia. Dakika 30 kwa darasa la tatu ni kiasi kizuri. Zikiisha, daftari lifungwe hata kama swali moja limebaki, na pembeni yake mzazi aandike "amekwama hapa" bila kufuta kitu.

Lugha ya kueleza isiwe kikwazo. Mtoto wa shule ya Kiingereza anayemweleza bibi yake kwa Kisukuma hawezi kukariri sentensi za mwalimu, kwa sababu sentensi hizo hazina pa kushika. Inabidi achukue wazo lenyewe na kulivalisha maneno yake. Akishindwa kupata neno la "kukopa", na bibi akampa la kuvunja hela, somo limeendelea.