Eti serikali ya Marekani ilijitoa kabisa kwenye reli?

Watu wengi wanaamini kampuni za reli Marekani, kwa vile ni za binafsi na masharti yalilegezwa 1980, zinaweza kumkatalia mkulima mzigo zikijisikia tu. Sio kweli. Sheria ya Staggers ya 1980 ilizipa uhuru mkubwa wa kupanga bei na kuingia mikataba na wateja, lakini ule wajibu wa kubeba mzigo wa yeyote mwenye ombi la kuridhisha haukufutwa, upo mpaka leo, na msimamizi ni bodi ya serikali kuu inaitwa STB (Surface Transportation Board), ilianza 1996.

Shida iko kwenye utekelezaji. Mchukulie mkulima wa ngano North Dakota, ghala analouzia linahudumiwa na kampuni moja tu ya reli, bandari iko mbali mno kwa malori, sasa mabehewa yakichelewa ghala linajaa, bei anayopewa inashuka, na hata kulalamika ni ngumu maana anayeagiza mabehewa ni mwenye ghala sio yeye. Baridi ya 2013-14 ilikuwa hivyohivyo, mafuta na nafaka vikagombania njia, hadi Juni 2014 bodi ikazibana kampuni za reli BNSF na Canadian Pacific ziwe zinaripoti kila wiki foleni ya mabehewa ya nafaka.

Kwenye bei ndo balaa, bodi haiigusi kama haijafika asilimia 180 ya gharama zinazobadilika, yaani zile zinazopanda na kushuka kulingana na mzigo kampuni inaobeba, na kesi yenyewe ni ghali kinoma. So ubishi sio serikali iingie au isiingie, imo tayari. Ubishi ni "ombi la kuridhisha" maana yake mabehewa mangapi, ndani ya siku ngapi.