Umlipe kiasi gani anayekusafishia nyumba, bei zikipanda

Kazi yangu ni kutengeneza mishahara. Nyumba ndogo za wageni za Mji Mkongwe hapa Unguja, maduka, skuli za binafsi: mwisho wa mwezi wananiletea mahudhurio, nami nawatolea karatasi za malipo. Lakini swali ninaloulizwa zaidi, harusini au nikitoka msikitini, halina uhusiano na hoteli wala skuli. Ni la yule dada anayekuja nyumbani kudeki na kufua. "Ameniomba nyongeza. Nimuongeze ngapi?"

Muulizaji huwa ameshazunguka mtaa mzima. Jirani wa kulia anampa wake laki na ishirini, wa kushoto laki na nusu, shemeji yake wa Chukwani laki mbili. Sasa anataka nimchagulie moja. Mimi simchagulii. Bei ya jirani haikusaidii kitu mpaka ujue jirani anamfanyisha nini, kwa saa ngapi, na anatokea wapi. Yule wa laki na ishirini huenda anaingia saa tatu, anafagia vyumba viwili, saa sita yuko kwao mtaa wa pili. Wa laki mbili anapanda na kushuka ghorofa tatu, anajaza mapipa maji yakitoka, na mchana anakuna nazi.

Kwa hiyo naanza na saa. Mwaka una wiki 52, ukizigawa kwa miezi 12 unapata wiki 4.33 kwa mwezi. Anayekuja siku sita kwa wiki anakuja siku 26 kwa mwezi, anayekuja siku tano anakuja kama siku 22. Zidisha kwa saa anazokaa. Hapo ndipo watu wengi hunyamaza kidogo, maana hawajawahi kuzihesabu.

Nikupe mfano ulio karibu na kweli. Mwalimu mmoja wa Mbweni ana msaidizi anayetoka Fuoni, anaingia saa mbili asubuhi na kuondoka saa nane mchana, Jumatatu mpaka Jumamosi. Saa sita kwa siku 26 ni saa 156. Anampa 150,000 kwa mwezi. Msaidizi anapanda gari mbili kuja na mbili kurudi. Tuseme kila gari ni shilingi 500. Kwa siku ni 2,000, kwa mwezi 52,000. Kinachobaki mkononi ni 98,000, na ukikigawa kwa zile saa 156 unapata kama shilingi 628 kwa saa. Muda wa njiani sijauhesabu, wala ule wa kusimama kituoni gari zikipita zimejaa.

Nauli ikapanda shilingi mia kwa kila gari. Msaidizi akamwambia, "Mwalimu, nauli imepanda, sijui utanisaidiaje." Mwalimu, mtu mwema, akamuongeza 10,000 papo hapo na akaona amefanya jambo. Tulipokaa na kalamu ikawa hivi: mia mara gari nne ni 400 kwa siku, mara siku 26 ni 10,400. Ile nyongeza imemezwa na makondakta, na dada wa watu bado amepungukiwa shilingi 400 kila mwezi ukilinganisha na pale alipokuwa kabla ya nauli kupanda.

Ndiyo maana nawashauri watu nauli waiandike peke yake. Mshahara ni mshahara, nauli ni nauli. Ikipanda, unarekebisha mstari wa nauli tu, bila mazungumzo marefu na bila yeyote kuona ameomba au amepewa. Anayeishi jirani nawe hana mstari huo, na hapo hapo unaona kwa nini bei yake haifanani na ya anayetoka Fuoni au Bububu.

Baada ya nauli kuna jikoni kwake. Wengi hapa hukimbilia asilimia, kwa sababu asilimia ndizo zinazotangazwa. Mei Mosi ya 2022 Rais Mwinyi alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma Zanzibar kitoke 300,000 kifike 347,000, yaani asilimia 15 na ushei, na kwa upande wa Bara mwaka huo huo ikawa asilimia 23.3. Mtu anasikia redioni, anasema basi na mimi nampandishia wangu asilimia 15. Ni sawa kwa mwenye mshahara mkubwa. Asilimia 15 ya milioni ni 150,000, na asilimia 15 ya laki ni 15,000. Mchele lakini haumuulizi mtu mshahara wake. Ukipanda shilingi 200 kwa kilo, umepanda 200 kwa mkurugenzi na 200 kwa anayedeki ofisi yake. Kadiri mshahara ulivyo mdogo ndivyo asilimia inavyodanganya zaidi, kwa hiyo mimi nahesabu kwa shilingi.

Nyumba ya watu watano inayokula kilo moja na nusu ya mchele kwa siku inakula kilo 45 kwa mwezi. Mia mbili juu ya kila kilo ni 9,000. Tuseme sukari, mafuta na unga wa ngano vimeongeza 6,000 nyingine. Jumla 15,000. Utaniambia nyumba ile ina mume anayevua au anayeendesha bodaboda, si mshahara wa kudeki peke yake unaoilisha. Ni kweli, na hapo kuna nafasi ya kutumia akili: nikijua kuna kipato kingine nachukua nusu, 7,500, nikijua ni mjane au mwanamke aliyeachwa na watoto, nachukua yote. Nauli siigawi, maana anapanda gari kwa ajili ya nyumba yako. Kwa mwalimu wetu ikawa 7,500 na 10,400, jumla 17,900. Ukimuongeza hiyo yote bado hujampandisha chochote. Umemrudisha alipokuwa mwaka jana. Tukakubaliana 170,000, ile 2,100 ya juu ndiyo nyongeza yenyewe, na wallahi ni ndogo.

Mwalimu akashika kichwa. Na yeye ni mwajiriwa, na yeye ananunua mchele ule ule. "Laki na sabini siwezi. Laki na sitini naweza kujibana." Hapa ndipo watu hufanya kile nisichokipenda: wanampa kidogo, wanamwambia avumilie, na kazi inabaki vile vile. Kama huna cha kuongeza kwenye bei, punguza kwenye kazi. Muachie siku moja.

Angalia kinachotokea. Kwa 170,000 siku sita, nauli mpya inakula 62,400, mkononi inabaki 107,600 kwa saa 156. Kwa 160,000 siku tano, nauli ni 52,800, mkononi inabaki 107,200 kwa saa 132. Tofauti mfukoni mwake ni shilingi 400 tu, lakini kila saa yake imetoka shilingi 690 kufika 812, na ana Jumamosi nne za kufulia nyumba nyingine, kukaanga mandazi au kulala. Mwalimu ameokoa 10,000. Aliyepoteza ni mwenye daladala.

Sharti lake ni moja, na ndilo gumu: kazi ya siku sita isisukumwe ndani ya siku tano. Mwalimu aliacha kumpa pasi. Kanzu za mumewe na yunifomu za watoto sasa wanapiga wenyewe Ijumaa usiku, na nasikia kijana mkubwa hajafurahi.

Pasi yenyewe inanipeleka kwenye jambo ambalo halionekani mpaka mtu aache kazi. Bei haipandi kwa mchele na nauli tu, hupanda pia kwa kazi kuongezeka polepole. Aliajiriwa kufagia, kudeki na kuosha vyombo. Mwezi wa tatu akaambiwa "na hizi shuka mbili tu". Akaja mgonjwa kutoka Pemba akakaa wiki kadhaa. Akazaliwa mtoto. Pampu ya maji ikaharibika, akawa anapandisha ndoo. Hakuna siku hata moja aliyoitwa akaambiwa kazi yako imebadilika. Anapoomba nyongeza, anasingizia maisha magumu kwa sababu ni adabu zaidi kuliko kusema "mmenizidishia". Kabla hujafikiria bei, kaa naye muandike anachofanya leo, si ulichomwambia siku ya kwanza. Usafi mkubwa wa kabla ya Ramadhani, mapazia, mazulia, kabati kusogezwa, uwe na malipo yake mbali. Ni kazi ya siku zake, dobi angekutoza kila zulia na bei yake.

Kuna picha moja inayozunguka kwenye simu za watu, ya viwango vya mishahara ya wafanyakazi wa majumbani: 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri, 120,000 kwa asiyelala, kisha 200,000 na 250,000 kwa nyumba za wakubwa, mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Viwango hivyo vilikuwa vya kweli, vilitoka kwenye amri ya mishahara ya mwaka 2022 na vilianza Januari 2023, lakini ni vya Tanzania Bara, na hata huko amri mpya ilichukua nafasi yake Januari 2026. Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano. Sisi tuna Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005 na matangazo yetu ya kima cha chini, na pa kuuliza ni Kamisheni ya Kazi. Anayemuonesha msaidizi wake ile 60,000 kama ndiyo sheria, hapa Unguja amemuonesha karatasi ya nyumba nyingine. Na hata huko Bara ile ilikuwa sakafu. Hakuna aliyeizuia nyumba yako kulipa zaidi.

Sasa vile vitu vinavyowekwa upande wa mshahara ilhali si mshahara. Chakula cha mchana anachokula kwako ni kizuri, ila usikikate. Angekula hata kwao, na mara nyingi ndiye aliyekipika. Nguo ulizozichoka ni hidaya. Mkono wa Sikukuu ni furaha ya Sikukuu. Pishi ya mchele ya fitri, na zaka kama anastahiki, ni haki ya mwenye kuhitaji; ukiihesabu ndani ya ujira wake umelipa deni lako kwa zaka, na hilo muulize sheikh yeyote atakujibu kabla hujamaliza swali. Madhehebu yetu ya Shafi hata kumuajiri mtu kwa chakula na mavazi hayakubali, kwa kuwa ujira lazima ujulikane kiasi chake. Mhasibu na sheikh hapa wanasoma kitabu kimoja.

Anayelala kwako ana hesabu ngumu zaidi. Watu husema analala bure, anakula bure, basi apewe kidogo. Lakini muulize anaamka saa ngapi mwezi wa Ramadhani kupasha daku, na nani humfungulia mlango baba anaporudi usiku. Nikiziweka saa hizo kwenye karatasi, "bure" ile inaisha haraka. Napendekeza muandike saa ya kumaliza kazi, na siku moja ya wiki iwe yake kweli, atoke. Na kama unayemfikiria ni mtoto wa kuwa darasani, mimi sina hesabu ya kukupigia. Mpeleke skuli.

Jambo jingine ni msimu. Kuanzia Juni hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje huanza kutafuta watu, na mwenye mikono iliyozoea kutandika na kudeki anahitajika. Nyumba nyingi huachwa na wasaidizi wao kipindi hicho, wenyewe wakalalamika kwamba "siku hizi watu hawana shukrani". Shukrani haina hoja hapa, ni mtu amepata kazi bora. Ukitaka akae, zungumza naye wakati wa masika, hoteli zikiwa kimya, na nyongeza ianze kabla ya Julai. Ukingoja mpaka aje na habari ya Nungwi, utakuwa unashindana na hoteli kwa bei, na hoteli ina wazungu wa kulipia.

Ukishakata bei, andika. Karatasi ya daftari inatosha: mshahara, nauli, siku, saa, kazi zenyewe, tarehe ya kulipwa, na mwezi gani mtakaa tena kuitazama. Mbili, moja yake moja yako, na kama hasomi vizuri msomee mbele ya mtu anayemuamini. ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, wana mpango wa kuchangia kwa hiari kwa watu wasio na ajira rasmi. Kumsaidia kujiandikisha na kumchangia kiasi kila mwezi ni nyongeza ambayo daladala haiifikii, ilimradi mwenyewe anaitaka na haikatwi kwenye kile alichozoea kupata.

Na ukimlipa kwa simu, ongeza na ya kutolea. Mwalimu wetu alikuwa akituma kamili, msaidizi akifika kwa wakala anakatwa, anapokea pungufu mwezi baada ya mwezi bila kusema neno. Siku hizi anampa taslimu, tarehe 28, kabla hajafunga kanga kiunoni kuanza kazi.