Je, wajua mchungwa mmoja unaweza kubeba koo (yaani nasaba) kadhaa za kirusi kimoja?

Ukinunua mche wa mchungwa Mombasa, angalia shina karibu na udongo. Utaona kovu la kuunga: juu ni chungwa, chini mara nyingi ni limau. Zamani, sehemu nyingi duniani, chini palikuwa danzi, yaani chungwa kali. Danzi likaponzwa na tristeza, ugonjwa wa kirusi kinachoenezwa na vidukari na kwa kuunga vikonyo vyenye maradhi. Kuanzia miaka ya 1930 uliangamiza mamilioni ya michungwa Argentina na Brazili.

Mimi niliamini kirusi hicho ni cha namna moja, na kwamba mti ukifa huku jirani yake umestawi, tofauti ni udongo au mbolea. Nilikosea. Hali ya shamba ina sehemu yake, na shina la chini pia, lakini kirusi chenyewe kina koo: T36, VT, T3, T30, RB na nyinginezo, na kadhaa huweza kuishi pamoja ndani ya mti mmoja. T30 ni mpole. Katika VT wamo wakali wanaoacha vijishimo kwenye mti chini ya ganda la shina, hata pasipo danzi. Kwa hiyo kipimo kinachosema tu "kirusi kipo" hakijakuambia mti utapatwa na nini.

Koo hizo hutoka wapi? Fikiria watoto chuoni, kila mmoja ananakili ubao wa mwenzake, na mwalimu wa kusahihisha hayupo. Kirusi hiki kina herufi 19,300 hivi za RNA, yaani maandishi yake ya urithi, na kimeng'enya kinachozinakili hakirudi nyuma kutazama makosa. Mara nyingine mtoto huhamisha macho katikati ya mstari: mwanzo ameandika wa huyu, mwisho wa yule. Ndivyo koo zinavyochanganyika.

Ungetarajia basi kila mti uwe na kirusi chake kipya. La! Sampuli mbili, T30 ya Florida na T385 ya Uhispania, zilizotengana miaka mingi, zilisomwa herufi kwa herufi zikakutwa karibu sawasawa. Yaelekea nakala nyingi zenye kasoro hushindwa kushindana na zilizo nzima, zikapotea.

Ukoo una uzito hata kwenye kinga. Brazili, michungwa ya aina iitwayo Pera huambukizwa kirusi mpole makusudi ili kuzuia mkali. Lakini mpole huzuia wa ukoo wake tu: mti wenye T30 bado uko wazi kwa VT.