Sahani ya jirani: Mwislamu ale nini, aache nini, agawe nini

Kila Disemba, na tena Pasaka inapokaribia, dawati letu la maswali ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, hupokea swali moja lenye sura nyingi. Jirani Mkristo ametuletea sahani. Mtoto amepewa keki shuleni. Wakwe zangu si Waislamu na wametualika chakula cha mchana. Ofisini tumechangishana, waliopika siwajui. Je, inafaa kula?

Jibu fupi ni kwamba sheria inatazama kilichomo ndani ya sahani, haimtazami aliyeibeba. Wengi wamelisikia hilo, lakini ukifika majumbani utawakuta wanaokataa hata chai na maandazi kwa asiye Mwislamu, na utawakuta wengine wanaokula chochote kilichowekwa mezani ili wasionekane wanajidai. Wote hao wameiacha fiqhi kando, kila mmoja kwa upande wake.

Msingi wa mlango huu ni aya ya 5 ya Suratul Maida: chakula cha waliopewa Kitabu (Mayahudi na Wakristo) ni halali kwenu, na chakula chenu ni halali kwao. Aya inakwenda pande mbili, ya kupokea na ya kutoa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliishi hivyo. Khaibar, mwaka 628, mwanamke wa Kiyahudi alimletea kondoo wa kuchoma. Nyama ile ilikuwa imetiwa sumu, na kisa kinajulikana kwa sababu ya sumu hiyo, ila wanazuoni wa fiqhi wanakitaja kwa jambo jingine kabisa: aliipokea zawadi na akaitia mdomoni bila kuhoji dini ya aliyeipika. Na alipofariki, deraya yake, vazi lake la chuma la vita, ilikuwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina kwa pishi 30 za shayiri alizochukua kulisha nyumba yake.

Wapo wanaoleta aya ya 28 ya Suratut Tawba, isemayo kuwa washirikina ni najisi, wakaihamishia kwenye vikombe na mikono ya majirani. Wanazuoni walio wengi wameielewa kuwa najisi ya itikadi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomeshwa pwani yetu, anasema wazi kwamba mwili wa asiye Mwislamu una hukumu ya usafi kama mwili wa Mwislamu. Jasho lake halinajisi, mate yake hayanajisi, na chapati aliyoikanda ni chapati. Katika Ushia wapo mafakihi walioshika kauli kali zaidi, ingawa Ayatollah Sistani, anayefuatwa na Maithnaasheri (Mashia wa maimamu kumi na wawili) wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, anawahesabu Watu wa Kitabu kuwa safi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula cha jirani haina swali: ugali, wali, maharage, ndizi za kupika, mchicha, mayai, maziwa, matunda, mihogo. Samaki hachinjwi, basi dagaa wa Kigoma na sangara wa Mwanza ni halali awe amevuliwa na nani. Nzige naye kaunganishwa na samaki katika hadithi mashuhuri ya maiti wawili waliohalalishwa bila kuchinjwa. Hapo ndipo ndugu zetu wa Bukoba hupata nafasi ya kuniuliza kuhusu senene, nami huwajibu kwamba senene amefanana na nzige kiasi cha kuchukua hukumu yake. Kumbikumbi ni habari nyingine. Mashafii, wafuasi wa Imam Shafii, hawali wadudu wa ardhini; Wamaliki, wafuasi wa Imam Malik, wamelegeza.

Swali lote, basi, limebaki kwenye nyama. Hapo inafaa tukae kidogo.

Kuchinja kwa sheria ni kisu kikali kinachokata koromeo na umio kwa ukamilifu, mnyama akiwa bado ana uhai. Kukata na mishipa miwili ya damu ya shingoni ni sunna kwa Mashafii, na vivyo hivyo kumwelekeza mnyama kibla. Kutaja jina la Mwenyezi Mungu ni wajibu kwa madhehebu tatu za Sunni, na aliyesahau amesamehewa; kwa Shafii ni sunna iliyokokotezwa. Asiyechinjwa hivyo ni kibudu. Kuku aliyevunjwa shingo kwa mkono ni kibudu hata kama aliyemvunja anaitwa Abdallah, jambo ambalo watu husahau wakidhani jina la mchinjaji linatosha.

Je, akichinja Mkristo? Aya ya Maida imeruhusu, na sahaba Ibn Abbas alifasiri neno “chakula” hapo kuwa ni vilivyochinjwa nao, kwa kuwa nafaka na matunda havikuhitaji ruhusa mpya. Masharti yanabaki yale yale: achinje kwa kukata, asinyonge wala asipige rungu, na kwa wanazuoni walio wengi asitaje jina jingine badala ya la Mungu. Kwa nini basi Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao wengi ni Mashafii, wameshikilia sana kwamba mchinjaji awe Mwislamu? Sababu moja imo katika vitabu vyenyewe. Fiqhi ya Shafii inaweka sharti kwa Mtu wa Kitabu asiyetokana na ukoo wa Israili: ijulikane kuwa mababu zake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa na kupotoshwa. Ukilishika sharti hilo kama lilivyo, Mchagga au Mganda ambaye babu yake alibatizwa mwishoni mwa karne ya 19 haingii. Madhehebu nyingine hazina sharti hilo, na masheikh wengi wa leo, wakiwemo waliosoma kwa Mashafii, wanafuata kauli ya walio wengi. Nao mafakihi wengi wa Kishia hawakubali kichinjwa cha asiye Mwislamu kabisa.

Suala hili limewahi kumwaga damu za watu. Huko Buganda, Kabaka (mfalme) Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani na kuamuru watu wake wasali, lakini mwenyewe alikataa kutahiriwa. Katika miaka ya 1870 vijana wa ikulu yake waliosoma dini walikataa kula nyama ya jikoni kwake kwa kuwa waliochinja hawakuwa Waislamu, wakakataa pia kusali nyuma yake. Aliamuru wauawe, na wengi walichomwa moto Namugongo, yapata miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo kuuawa mahali hapo hapo mwaka 1886. Tanzania, Februari 2013, ugomvi wa nani achinje ulilipuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Baadhi ya Wakristo walikuwa wanadai mabucha yao na wachinjaji wao, wakisema nyama iliyochinjwa kwa dua ya Kiislamu kwao ni kama sadaka ya sanamu.

Hapo nataka niwasemeze wasomaji Wakristo moja kwa moja. Anachosema mchinjaji ni “Bismillahi, Allahu Akbar”: kwa jina la Mungu, Mungu ni mkubwa. Ng'ombe wa bucha hajatolewa sadaka kwa yeyote, amechinjwa auzwe. Matendo ya Mitume, sura ya 15, inawataka waumini wajiepushe na damu na nyama zilizosongolewa, na shingo iliyokatwa na kuachwa itoe damu yote inaepuka yote mawili. Haki ya Mkristo kuchinja chakula chake haina mjadala. Anachokihitaji Mwislamu ni kujua tu ipi ni ipi, na bucha likiandikwa wazi ugomvi unakosa pa kusimama.

Msimamo wangu, nikiulizwa, ni huu: Mwislamu akichinja, khilafu yote, yaani tofauti za wanazuoni, inaondoka na hakuna aliyepoteza kitu, kwa hiyo tulipendelee hilo. Lakini Mwislamu mwenzako aliyekula kuku aliyechinjwa vizuri na jirani Mkristo, akifuata kauli ya wanazuoni walio wengi, usimwambie amekula kibudu. Huo ni ujuba.

Familia nyingi zenye dini mchanganyiko zimelimaliza hili zamani bila kutusubiri sisi. Baba wa bibi harusi ni Mlutheri, nusu ya wageni ni Waislamu. Alfajiri anaitwa kijana kutoka msikitini, anachinja mbuzi wote kabla wapishi hawajawasha moto, na sherehe nzima inakula nyama moja. Penye kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kwenye orodha ya vyakula, kamati ya harusi inafaa iambiwe mapema, siyo siku yenyewe mezani. Na isiishie kwenye sufuria tu. Mwiko uliokoroga huku ukahamia kule, kisu na ubao wa kukatia, na hasa mafuta ya kukaangia: karai lililokaangwa kitimoto likatiwa viazi, chipsi zile zimenajisika, hata kama kwenye sahani huoni kipande cha nyama. Kwenye vibanda vinavyouza vyote viwili, uliza habari ya karai kwanza.

Vyombo vinasafishika. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani alimwambia Mtume kwamba wao wanaishi katika nchi ya Watu wa Kitabu, je, wale katika vyombo vyao? Akajibiwa: mkipata vingine msile humo, na msipopata, vioshe mle. Katika madrasa zetu watoto wanafundishwa kwamba nguruwe ni najisi nzito kama mbwa, chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo kauli ya madhehebu ya Shafii. Ila Nawawi mwenyewe, akilipima kwa dalili, aliona kauli yenye nguvu ni kwamba nguruwe huoshwa mara moja tu kama najisi nyingine, kwa kuwa hadithi ya mara saba imemtaja mbwa. Msichana wa Kiislamu anayefanya kazi za ndani katika nyumba inayopika kitimoto ana nafasi ya kutosha ndani ya dini yake. Hana haja ya kuacha kazi kwa sababu ya sufuria.

Pombe haina nafasi kama hiyo: hainywewi kabisa, na mbege ya msibani ni pombe kama bia ya chupa. Kuna hadithi inayokataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Ukialikwa ambako itakuwepo, unaweza kuomba meza ya soda, kwenda mapema ukaondoka mapema, au kupeleka mchango wako na pongezi siku nyingine. Matambiko nayo yasichanganywe na ukarimu. Mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mizimu haliwi, na hata akichinjwa na Mwislamu kwa Bismillahi, maadamu amekusudiwa mzimu, bado haliwi. Vyakula visivyo nyama vinavyoletwa siku za sikukuu za watu wengine ni vyepesi zaidi. Imepokewa kwamba Bi Aisha aliulizwa kuhusu zawadi za Majusi (waabudu moto) katika sikukuu yao, akasema kilichochinjwa kwa siku hiyo msile, lakini kuleni katika matunda yao. Peremende za Diwali za jirani Mhindi na keki ya Krismasi isiyotiwa pombe zinaingia hapo. Kula keki hakumaanishi umeitikia misa.

Na usipojua? Watu walimwambia Mtume kwamba kuna wanaotuletea nyama, hatujui kama wameitajia jina la Mwenyezi Mungu. Akawaambia: litajieni nyinyi, mle. Waliokuwa wakiulizwa habari zao walikuwa wapya katika Uislamu, kwa hiyo hadithi hii haigeuzi kibudu kuwa halali. Inachofunga ni mlango wa wasiwasi. Nyama katika mji ambao machinjio yake yanajulikana kuwa na wachinjaji Waislamu haihitaji upelelezi. Ikiwa una sababu ya kweli ya kushuku, uliza mara moja, kwa adabu, kabla chakula hakijapakuliwa: “Mama Neema, leo tumepika nini?” Wenyeji wengi hujibu bila kinyongo, na wengi wamekwisha kukuwekea maharage pembeni.

Upande wa kutoa huulizwa mara chache, nao una tafsili zake. Sadaka ya kawaida, futari, pilau ya Idi, chakula cha maulidi: mpe jirani wa dini yoyote. Suratul Insan inawasifu wanaowalisha maskini, yatima na mateka, na mateka wa wakati ule hawakuwa Waislamu. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake alirudia kuuliza: mmempelekea jirani yetu Yahudi?

Zaka ni jambo jingine. Zakatul fitri hutolewa kwa Waislamu wenye haki nayo kwa kauli ya wanazuoni wengi. Abu Hanifa aliruhusu kumpa maskini asiye Mwislamu anayeishi kwa amani nasi. Nyama ya udhhiya ya Idi ya kuchinja imekhitilafiwa. Mahanafi na Mahanbali wanaruhusu kumgawia asiye Mwislamu, Wamaliki wanaona ni karaha (haipendezi), na ndani ya Mashafii kuna waliozuia, ilhali Nawawi ameona inafaa kumpa katika udhhiya ya sunna, siyo ile ya nadhiri. Kwa anayechinja mwaka huu kwenye mtaa wenye majirani wa dini zote, njia isiyo na shaka ni kutenga fungu la maskini wa Kiislamu kwanza, limfikie mhitaji likiwa bichi, kisha jirani apelekewe kutoka kwenye fungu la nyumbani, au apikiwe aje ale pamoja nanyi. Ngozi na nyama asilipwe nayo mchinjaji. Ujira wake utoke mfukoni mwako.