Vidole Kukunjamana Majini Si Osmosisi Tu

Ukifua nguo nusu saa, ncha za vidole hukunjamana. Maelezo tuliyozoea ni osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando mwembamba kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi: maji hupenya, ngozi ikavimba kama maharage yaliyolowekwa. Tabaka la juu hunyonya maji kweli, ila hilo pekee halitoshi. Tangu miaka ya 1930 madaktari wameona kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hivyo, hata kikilowekwa. Kumbe neva ndizo huamrisha mishipa midogo ya damu isinyae. Nyama ya ndani hupungua ujazo, na ngozi ya juu, isiyopungua, hujikunja.

Osmosisi yenyewe itazame kwenye kachumbari. Nyunyizia vitunguu chumvi, usubiri kidogo: maji hujaa bakulini bila kuyamimina, kwa sababu chumvi ya nje huyavuta kutoka ndani ya seli.