Vita inayoingilia masikioni: Come and See (1985)

Mimi kazi yangu ni sauti, nashinda kwenye miksa nasafisha maongezi na kupandikiza milipuko kwenye filamu za watu, kwa hiyo bomu la kwenye sinema halinishtui kihivyo. Hii ya mwongozaji Elem Klimov imeniweza.

Stori iko Belarus, 1943, Wanazi wa Ujerumani wameikalia nchi. Flyora, dogo tu, anafukua bunduki mchangani ili akajiunge na wapiganaji wa msituni. Mabomu yakidondoka karibu yake, filamu inahamia ndani ya sikio lake: watu wanaongea kama wako chini ya maji na juu yake kuna mlio mwembamba hauishi. Ndivyo ilivyo kweli, mlipuko unaharibu seli za sikio la ndani ambazo zikifa hazioti tena, sikio linaziba afu linabaki linalia. Kitaalamu ni rahisi, unakata sauti za juu, unaweka toni moja, basi. Siku hizi kila filamu ya vita inafanya hivyo sekunde kumi, steringi anatikisa kichwa, kapona. Klimov anakuachia huo mlio mpaka unakereka, na ndo maana unafanya kazi.

Halafu inzi. Flyora anafika kwao na binti mmoja anaitwa Glasha, nyumba tupu, supu bado ina moto, wanakula, midoli imelala sakafuni, na inzi wanavuma tu. Mimi hapo nilipunguza sauti, na kazini huwa sipunguzi! Masikio yangu yalishajua kitu ambacho Flyora anakikataa. Wakitoka mbio Glasha anageuka, anaona maiti zimerundikwa nyuma ya nyumba, sekunde chache tu, Flyora hageuki, anang'ang'ania kwamba ndugu zake wako kisiwani na anamburuta Glasha kwenye matope kwenda huko.

Ile ya ghala, wanakijiji wanafungiwa ndani na kuchomwa moto, sitaielezea sana. Ales Adamovich aliyeandika na Klimov alikuwa mpiganaji wa msituni akiwa bado kijana, na alikusanya simulizi za walionusurika. Kijiji cha Khatyn huko Belarus kilichomwa hivyohivyo tarehe 22 Machi 1943, wakafa watu 149, na mwishoni filamu inaandika vijiji 628 vilivyoteketezwa na watu wake wote.

Muziki wa Mozart unaopigwa mwishoni mimi ningeutoa, najua mtanipinga.

Ila tafadhali msiangalie kwa spika ya simu. Kuna ndege ya upelelezi inanguruma chinichini kila mara, simu inaimeza yote, vaa hedifoni.